Kilichoiua Breki ya Kagabo

Busanza, Kigali
Jumapili, 9 Machi 2025

Baba mdogo Castory,

Shikamoo, na shikamoo nyingine mpe mama mdogo pamoja na goti lake. Sisi huku tunaamka na tunakula. Nimeandika hivyo badala ya "hatujambo" kwa sababu wewe ndiye uliyenikataza kuandika uongo kwenye karatasi.

Mvua zimeanza. Ofisini ni makaratasi ya malori yale yale, na mmoja wa madereva wetu, Arthur, ndiye atakayekuletea barua hii akipita Omurushaka. Ni mtu mwaminifu ila hana haraka, kwa hiyo usinihesabie siku. Ningepiga simu, lakini nayajua masikio yako: ningepayuka hadi Busanza nzima wajue habari zangu, na wewe ungenijibu habari za mahindi. Ujumbe wa simu nao anakusomea mama mdogo, na haya nataka uyasome wewe kwanza.

Jumamosi ya tarehe 15 Februari Kagabo alianguka na pikipiki, Ihirwe akiwa nyuma yake. Mtoto alivunjika mtulinga na kung'oka jino la mbele, lile jipya. Mkono bado umefungwa kwa kitambaa shingoni, anaandika kwa mkono wa kushoto na ameanza kujivunia. Baba yake alichunika viganja tu. Alisimama, akajipangusa, akambeba mtoto. Mungu anisamehe, nilipomwona amesimama wima mlangoni nilitamani angevunjika yeye.

Walikuwa wametoka hapa Busanza hadi karakana yake ya useremala kule Gisozi, kupeleka michoro ya vitanda. Akageuza bila hata kuzima injini, wakaanza kuteremka kuelekea Kinamba. Yeye anasema breki ya mbele ilikata. Anasema mkono wa breki ulifika hadi kwenye mpini bila kukuta kitu, ya nyuma peke yake ikaburuza gurudumu, wakaingia kwenye ukingo wa mtaro. Sawa. Kesho yake asubuhi nikamwita jirani yetu Mugenzi, aliyefanya kazi ya moto, yaani bodaboda, miaka minane. Akaipanda pale uani, akabana, akaniambia: "Mama Ihirwe, hii breki iko muzima. Inashika kupita ya kwangu." Akarudia mara tatu, Kagabo akiwa anasikia. Basi nikajua ni mwendo. Unamjua Kagabo kwa haraka zake.

Tangu siku hiyo analala sebuleni. Hakubisha hata neno moja, na hilo nalo limeniudhi.

Sasa sikia nilichoamua. Pikipiki itauzwa, hatambeba mwanangu tena. Na shule zikifungwa Julai namchukua Ihirwe tunakuja huko kwako. Sijui kama ni kwa likizo au kwa kukaa. Kwa leo naona ni kwa kukaa.

Lakini siwezi kumuuzia mtu kitu kibovu. Kalipa, kile chuma kinachoibana diski ya mbele, kiligonga jiwe la ukingo. Chuchu ya kutolea upepo imekatikia ndani na pini moja imepinda. Nataka niitengeneze mwenyewe hapa nyumbani. Sipeleki kwa fundi anitazame kama mwanamke aliyepotea njia, mimi niliyekua nimelala chini ya magari yako. Niambie: kipande kilichokatikia ndani kinatoka, au ninunue kalipa nzima?

Mwanao,
Flaviana


Omurushaka, Karagwe
21 Machi 2025

Mwanangu Flaviana,

Marahaba. Barua yako imefika ikinukia dizeli, na mimi dizeli kwangu ni manukato. Mama yako mdogo anashukuru kwa salamu. Goti linamtabiria mvua kuliko redio. Maharage yametoka vizuri, ng'ombe mwekundu amezaa dume.

Habari ya mjukuu wangu imenikalisha chini. Nimeisoma, nikaiweka, nikaenda kuwatazama kuku, nikarudi nikaisoma tena. Mwambie babu yake amesema mkono wa kushoto nao ni mkono, asiudharau hata huu wa kulia ukipona.

Kuhusu kalipa. Kipande kilichokatikia ndani kinaweza kutoka, lakini ni kazi ya jasho, na aluminiamu haina huruma. Ukikosea kidogo umeharibu uzi wote. Usihangaike. Katika sanduku langu ninayo kalipa nzima ya pikipiki ya namna hiyo hiyo. Nimeifungua, nimeisafisha, nimeitia sili mpya, ile mipira ya kuzuia mafuta, zilizotoka Mwanza kwenye pakiti yake. Nimempa Arthur pamoja na washa mbili mpya za shaba, zile pete za kufungia bomba, na chupa ya mafuta ya breki ambayo haijafunguliwa. Washa za zamani usizirudishe hata zikikuambia ni nzima.

Unajua kazi, lakini mzee lazima aseme. Nawa mikono kwanza. Mafuta ya breki yasiguse rangi ya tangi, yanaila. Funga kalipa, funga bomba, kisha utoe upepo: mpira mwembamba unaopitisha mwanga uweke kwenye chuchu, ncha ya pili ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. Mtu mmoja kwenye mkono wa breki, mwingine kwenye spana. Bana, shikilia, fungua, funga, achia. Rudia hadi mapovu yaishe, na kikombe cha juu kisikauke hata mara moja. Usipande kabla mkono haujawa mgumu.

Ile ya zamani ifunge kwenye mfuko umpe Arthur aniletee. Usijisumbue kuifungua. Nitaipatia matumizi.

Kuhusu Julai: hii ni nyumba yako tangu kaka yangu alipotuachia wewe ukiwa na miaka sita, na mlango wake unaujua. Lakini Julai ni mbali. Kagabo si mtu wa ovyo. Anasemaje yeye? Amesema chochote kuhusu hiyo breki zaidi ya kwamba ilikata?

Baba yako mdogo,
Castory


Busanza, Kigali
Jumapili, 13 Aprili 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Natumaini dume la ng'ombe mwekundu linaendelea kunywa na kukua. Ihirwe amefunguliwa kile kitambaa, mfupa umeunga. Anaweza kuinua mkono hadi sikioni, na daktari amesema hadi juu ya kichwa ni suala la wiki chache. Mzigo wako ulifika tarehe 2, Arthur ameubeba kama yai.

Kalipa nimeifunga Jumamosi ya tarehe 5 hapa barazani, juu ya gazeti. Nilimweka Ihirwe kwenye mkono wa breki, kwa mkono wake mzima, mimi nikakaa na spana. Kile kibwagizo chako amekigeuza wimbo: bana, shikilia, fungua, funga, achia. Watoto wa jirani wakaja kuitikia. Mapovu yalitoka mengi mwanzoni kama sabuni, kisha moja moja, kisha basi. Mkono wa breki ukawa mgumu. Kagabo alitoka ndani akasimama mlangoni, akaona chupa inaelekea kuanguka, akaishika hadi tulipomaliza. Kisha alinawa, akarudi ndani.

Sasa nikuungamie. Ile ya zamani nimeifungua.

Ulisema nisijisumbue, na nilikuwa nimeshaifunga kwenye mfuko. Lakini ni nani aliyenichapa kwa kutupa pampu ya maji ya lile lori la misheni? Ulisema nini siku ile? "Fundi hatupi chuma kabla hajajua kilichokiua." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na sijasahau. Nikakaa nautazama ule mfuko, nikasema baba mdogo amezeeka, amesahau kanuni yake mwenyewe. Nikachukua spana.

Pistoni ilikataa kutoka. Nikaisukuma kwa pampu ya baiskeli, nimeweka kitambaa mbele kama ulivyonifundisha. Ilipotoka nikaona: sili imefura, laini kama mkate uliolowa, haikai tena kwenye mfereji wake. Na nyuma ya mpira wa kuzuia vumbi, grisi ya kahawia, nyingi, imepakwa kwa kidole cha mtu.

Wiki hii ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari maduka mengi yalifungwa mchana, kwa hiyo nilikwenda asubuhi Gatsata kwa muuza vipuri mmoja. Aliushika ule mpira uliofura, akaunusa. "Mama, nani alitia hii grisi? Hii iko grisi ya beringi, si ya breki. Mpira inakunywa, inafura. Pistoni inashika, haiachiri. Ukitembea mbari, disiki inapata moto, mafuta inachemka, kwenye kushuka unabana hewa tu." Nikamwambia kesho yake breki ilishika vizuri. Akacheka. "Yego, ndiyo! Ikipoa inarudi muzima. Hiyo ndiyo ubaya yake, inakufanya uonekane muongo."

Nilirudi nimeshika ule mpira mkononi. Kwa hiyo breki ilikata kweli, Kagabo hakudanganya kwa hilo. Nikamkuta sebuleni, nikamwonyesha. "Nani aliifungua hii kalipa?" Akautazama mpira, akanitazama mimi. "Sikumbuki." Nikamuuliza, ni wewe? "Utupe tu, Flaviana. Umeshafunga nyingine."

Baba mdogo, mtu ambaye hakufanya kitu husema "si mimi." Maneno mawili tu, hayamgharimu. Basi nimeelewa. Aliifungua mwenyewe akijifanya fundi, akapaka alichokikuta, akampakia mtoto wangu juu yake. Na anaficha. Afadhali ingekuwa mwendo! Mwendo ni kichwa chepesi, lakini huku kuficha ni moyo.

Wewe uliigusa Krismasi, tulipokuwa wote huko na Kagabo akaja nayo. Najua ulibadilisha oili na kukaza mnyororo. Je, uliona dalili yoyote kwamba mtu alishaifungua kalipa kabla? Boliti zilizokwaruzwa, chochote? Nataka kujua ilikuwa lini.

Kalipa bado ninayo. Sitampa Arthur kwanza.

Flaviana


Omurushaka, Karagwe
4 Mei 2025

Mwanangu Flaviana,

Marahaba. Tumefurahi sana kwa mkono wa Ihirwe. Mama yako mdogo alipiga vigelegele hadi mbwa akabweka. Pasaka ilipita salama, kwaya iliimba vibaya kuliko mwaka jana, kwa maelezo ya waliosikia.

Maharage tumevuna magunia ya kutosha. Paa la nyuma linavuja, chumba chako cha zamani kimeingia maji, na fundi wa mabati anasema hadi Agosti. Kwa hiyo hiyo Julai uifikirie vizuri, msije mkalala kwenye unyevu na mtoto ametoka kuumwa.

Ulichouliza, Krismasi ni zamani na kichwa changu nacho kimezeeka. Pikipiki nyingi hupita hapa. Mimi ningesema usimlaumu mtu kwa jambo ambalo hukuliona kwa macho yako. Mtoto amepona, breki imefungwa nyingine. Maji yakimwagika hayazoleki. Mrudishe mumeo chumbani kwake.

Mwambie Arthur nasubiri ule mfuko.

Castory


Busanza, Kigali
Jumapili, 25 Mei 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Wote wazima.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko urefu wake. Mwaka jana ulinisimulia boliti za lori la chama cha ushirika la mwaka 1989, moja moja, na ipi ilikuwa na uzi wa kushoto. Leo Krismasi ya majuzi huikumbuki. Na wewe ambaye hujawahi kumtetea mtu kwa kazi mbovu, hata padri, unaniambia maji yakimwagika hayazoleki.

Mnunuzi amepatikana, mchuuzi mmoja wa Gitega, hapa hapa Kigali. Nimemwambia Kagabo kwamba tarehe 12 Julai tunaondoka, mimi na Ihirwe. Alikuwa anapiga randa ubao. Aliendelea kupiga randa, kisha akauliza Ihirwe atahitaji sanduku la ukubwa gani. Sasa analitengeneza. Mninga, na kona zake hazina hata msumari mmoja. Mtu anayejengea mtoto wake sanduku la kumwacha! Nikimwona anavyolipiga msasa napata hasira na huruma kwa pamoja, sijui nianze na ipi.

Unyevu si kitu, tutalala jikoni.

Ulinifundisha kwamba fundi asipojibu, umuulize mara ya pili, kwa sauti ile ile. Basi nakuuliza mara ya pili. Krismasi, kalipa ile ilifunguliwa na nani?

Flaviana


Omurushaka, Karagwe
Jumapili, 22 Juni 2025

Mwanangu Flaviana,

Mama yako mdogo hajambo na paa halivuji. Halijawahi kuvuja. Nianze hapo.

Kalipa niliifungua mimi.

Ilikuwa tarehe 24 Desemba. Wewe na mama yako mdogo mlikwenda Kayanga kwa ajili ya goti, Ihirwe mkamchukua. Kagabo alikuwa amefika jana yake, pikipiki imejaa vumbi la Rusumo. Nikamwambia chombo cha mkwe hakitoki kwangu hakijaguswa. Tukamwaga oili, tukakaza mnyororo. Akasema, "Breki ni nzima, baba, usijisumbue." Nikajisumbua. Miaka yote hii watu wanasema mzee Castory ni fundi wa malori, hizi breki za diski ni za vijana. Nilitaka mkwe wangu aone.

Nikaifungua, nikaisafisha vizuri tu. Ilipofika kupaka, ile grisi nyekundu ya mpira ilikuwa imekwisha tangu Oktoba. Maduka yamefungwa, kesho Noeli. Nikachukua kopo la grisi ya beringi. Usidhani sikujua. Nilijua. Nikasema kidogo hakitadhuru, kisha nikapaka si kidogo.

Kagabo alikuwa amechuchumaa pembeni ananishikia bisibisi. Akauliza, kwa heshima kabisa, "Baba, hii haitadhuru mpira?" Nikamgeuzia sikio bovu. Nikamjibu, "Eeh, mvua itanyesha." Flaviana, swali lile nililisikia. Nililisikia kama ninavyosikia kengele ya misa. Masikio yangu ni mabovu kweli, lakini siku nyingine huyafanya mabovu zaidi, na hiyo ilikuwa mojawapo.

Akanyamaza. Angefanya nini? Amekulia huku, anajua. Mkwe akishauliza mara moja akanyamaziwa, hana ruhusa ya kuuliza tena mbele ya mzee aliyepokea mahari yake. Alinipa ile bisibisi nikamalizia.

Barua yako ya kwanza sikuwa nimefika chini ya ukurasa nilipojua. Ndiyo maana nikakutumia kalipa nyingine haraka, nikakuomba usiifungue ya zamani. Nikadhani Kagabo ameshakuambia au atakuambia. Uliponiandikia kwamba alisema "sikumbuki," nilitoka nje nikakaa kwenye tairi hadi mama yako mdogo akaja kuniuliza kama naumwa. Mtu huyo anakubali kupoteza mke na mtoto ili mimi nisiitwe fundi mbovu mbele yako. Na mimi, nikijua hivyo, nikakuandikia habari za paa. Niliogopa Ihirwe aambiwe aliyemvunja ni babu. Hakuna jingine, ni hilo tu, na aibu.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikungoja kifo, nimeumbuliwa na msichana niliyemfundisha kazi.

Karakana nimeifunga tangu Jumatatu. Arthur nimemwambia barua hii asiende nayo Kahama kwanza, aje moja kwa moja kwako. Mpe Kagabo aisome mwenyewe. Na tarehe 12 mkija, mje kututembelea, watu watatu.

Castory


Busanza, Kigali
Jumapili, 13 Julai 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Unaona tarehe. Jana ilikuwa tarehe 12 na bado niko Busanza. Msalimie mama mdogo, umwambie jiko lake libaki na kuku wake.

Arthur alifika na barua yako Alhamisi ya tarehe 3, ofisini, nikaisoma nimesimama kati ya makaratasi ya malori mawili. Niliomba ruhusa nikaenda Gisozi. Kagabo alikuwa anafunga bawaba za lile sanduku. Nikampa barua. Akaisoma taratibu, akaikunja ilivyokuwa imekunjwa, akasema, "Huyu mzee hakuandika haya kwa kupenda. Umembana." Alinikasirikia, baba mdogo! Kwa ajili yako. Mara ya kwanza tangu Februari ananikasirikia.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Nilikuambia. Siku ile ile, mlangoni, nimembeba mtoto. Nilikuambia breki imekata. Ukamwita Mugenzi."

Amenioa miaka kumi na mmoja. Kila kitu ndani ya nyumba hii nimekifungua kabla ya kukitupa: pasi, redio, hata saa ya ukutani ya mama yake. Yeye sikumfungua. Nilimsikiliza jirani aliyebana breki mara tatu asubuhi ikiwa baridi, nikamtoa chumbani. Nikamwambia hivyo hivyo, nikamwambia nisamehe. Akasema atafikiri, akarudi kwenye bawaba zake.

Amefikiri siku tano. Jumanne niliporudi kazini nikakuta godoro la sebuleni limeegemezwa ukutani, limekunjwa na kufungwa kamba.

Pikipiki sijaiuza. Mchuuzi wa Gitega amenuna. Jana asubuhi nilimwomba Kagabo aijaribu, akakataa. Akasema, "Wewe ndiye uliyeifunga, endesha wewe. Mimi nakaa nyuma." Basi nikamwendesha mume wangu kutoka Busanza hadi Gisozi, watu wakitutazama, tukageuza bila kuzima injini, tukateremka hadi Kinamba. Kule chini nilisimama, nikashuka, nikagusa diski. Ilikuwa ya moto wa kawaida. Naye akaja akaigusa mahali pale pale. Tukarudi tumebadilishana, yeye mbele.

Sasa wewe. Habari ya mtulinga wa Ihirwe sijakusamehe bado, nisikudanganye. Nitakusamehe, lakini nipe muda, kama Kagabo alivyouchukua wake. Habari ya kulala sebuleni huna deni, hilo kosa ni langu peke yangu. Na hiyo karakana uifungue. Fundi aliyekosea akakiri ni afadhali kuliko hawa wa huku ambao hawajawahi kukosea hata siku moja. Ila lile kopo la grisi ya beringi litoe kwenye rafu ya breki, uliweke mbali.

Arthur anakuletea mfuko. Ndani mna kalipa ya zamani, nimeisafisha na kuiunganisha, na ule mpira uliofura nimeuweka pembeni kwenye karatasi. Umenifundisha chuma kisitupwe kabla hakijafunguliwa. Kimefunguliwa. Sasa unaweza kukitupa.

Agosti tunakuja siku kumi, watu watatu, na pikipiki inabaki Kigali. Ihirwe tumemwambia yote, mimi na baba yake, mezani. Alifikiri, akapitisha ulimi pale jino lilipokuwa. Hakuuliza nani alikosea. Aliuliza kama babu bado hasikii, ili ajue akija azungumze naye kwa sauti gani.

Nimemwambia unasikia.

Mwanao,
Flaviana